Kwelea Katika Ua wa Mama

Suguti,
18 Machi 1984

Kaka Kasmiri,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Esta na watoto wote. Huku tunasukuma siku. Mama macho yake ndiyo yale, kuku anamwona akishamkanyaga, lakini masikio! Usiseme siri hata nyumba ya tatu. Wanangu wawili wanakua bila baba yao kama unavyojua, mkubwa yuko la tatu, viatu hana, akili anazo. Sabuni hatujaiona tangu Krismasi. Unga wa Yanga, ule wa njano tuliogawiwa, umekwisha, na sasa macho yetu yote yako kwenye mtama. Uko magotini.

Sasa lililonikalisha chini kuandika. Tumevamiwa na kwelea, wale ndege wadogo wa mdomo mwekundu. Jumanne jioni walipita juu ya bonde la matete kama moshi, nikasema wanakwenda Kiriba, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Hawakufika Kiriba. Waligeuka wote kwa pamoja wakashuka kwenye migunga ya uani kwetu, ile iliyozunguka zizi la marehemu baba, hadi matawi yakakatika. Ukiwa ndani unadhani mvua ya mawe inapiga bati, na mvua yenyewe hatuna. Asubuhi wanaondoka, jioni wanarudi, na kila jioni ni wengi kuliko jana. Ua wote umekuwa mweupe kwa mavi. Maji ya kunywa tunayaweka ndani.

Mama anasema, "Mgeni hafukuzwagi usiku." Nikamwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akacheka sana.

Jana alikuja Bernado, mjumbe wetu wa nyumba kumi, na wanaume watatu nyuma yake. Anasema mtama ukianza kutia maziwa hawa watatumaliza kijiji kizima. Ataomba wilayani eropleni ije inyunyize dawa kwenye migunga jioni wakishalala. Lakini dawa hiyo ni sumu, kwa hiyo kila chenye pumzi nyumbani kwetu lazima kiondoke wiki nzima. Mama akamjibu, "Mimi silalagi nje ya nyumba hii, Bernado, na sababu unaijua." Bernado akatazama chini.

Sababu na wewe unaijua, kaka. Njoo.

Mdogo wako,
Hyasinta


Bunda,
9 Aprili 1984

Kwako mdogo wangu Hyasinta,

Pokea salamu zetu sote. Barua yako ya tarehe 18 Machi nimeipata jana tu. Kondakta aliizungusha hadi Mwanza na kuirudisha. Hapa hatujambo kwa kadiri ya hali ya nchi. Wifi yako alikuwa anakaanga maandazi, sasa sukari hakuna, anakaanga hivyo hivyo na watu wananunua hivyo hivyo. Kiwandani mashine moja ya pamba imesimama kwa kukosa mkanda, nasi makarani tunahesabu marobota ya mwaka jana ili tuonekane tuna kazi.

Kuhusu ndege. Kwelea ni tatizo la taifa zima, hivyo msijione mmelaaniwa. Pigeni madebe wakati wanapotaka kutua. Chomeni kinyesi cha ng'ombe chini ya miti, moshi hawaupendi. Watoto wapewe kombeo. Likishindikana hilo, eropleni ni jambo jema na la kisasa, na mimi kama mkubwa wa nyumba ninaliunga mkono.

Kuhusu mama. Yeye ni mtu mzima mwenye busara. Mweleze polepole, aende akapumzike kwa shangazi Petronila pale Musoma wiki moja. Shangazi atafurahi. Hewa ya ziwa itamfaa.

Karatasi imekwisha. Wasalimie wote.

Kaka yako,
Kasmiri M.


Suguti,
22 Aprili 1984, Jumapili ya Pasaka

Kaka Kasmiri,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Tumetoka kanisani sasa hivi, padre hakufika, katekista akatusalisha. Mwanangu mdogo ana tumbo, mama anamtibu kwa majani yake. Wifi Esta mwambie kitambaa nimekipata na nimeshakishona.

Madebe, kaka. Umeniandikia madebe! Tumepiga madebe mpaka yametoboka. Wanaruka, wanazunguka mara moja, wanarudi pale pale kana kwamba tumewapigia ngoma. Moshi umemkohoza mama, kwelea hawakukohoa.

Kwa kuwa hukutaka kumtaja, nitamtaja mimi. Masatu. Mdogo wetu aliondoka uani hapa kwenda vitani Uganda mwanzoni mwa sabini na tisa. Wenzake wamerudi na wengine wameshaoa. Yeye hajarudi, na hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Unajua ilivyo katika ukoo wetu: mama aliyemuaga mtoto kwa safari ya hatari halali nje ya nyumba aliyomuagia. Akilala kwingine hata usiku mmoja, mtoto huko aliko amekuta mlango umefungwa, ndiyo kufa kwake. Wa kumfungua mama ni mtu mmoja tu, mtoto wa kiume mkubwa, asimame uani mchana watu wakimwona, aseme kwa sauti kwamba fulani harudi. Hapo tunaweka matanga, mama ananyolewa, na anaweza kulala anapotaka. Baba angekuwepo angesema baba. Hayupo. Ni wewe.

Miaka mitano hujasema na sikukulaumu, maana na mimi sikutaka kusikia. Lakini sasa watu wanatuchukia. Mbuke, mke wa Bernado, tuliyebatizwa naye siku moja, ananipita kisimani kama ananipita mti. Wanatuita "wenye ndege." Na Ijumaa Kuu alfajiri mtu aliwasha moto kwenye uzio wetu wa miiba upande wa zizi. Mama alisikia nyayo. Badala ya kupiga kelele ya mwizi, alifungua mlango akaita, "Masatu? Ni wewe, baba?" Yule mtu alitimka. Moto tuliuzima mimi na watoto kwa mchanga. Mama alikaa mlangoni hadi jua lilipokuwa kali, akisema pengine kijana ameona haya kwa sababu amekuja mikono mitupu.

Butiama yuko Burito, aliyekuwa kikosi kimoja na Masatu. Kutoka Bunda si mbali. Umewahi kumwuliza? Nenda kamwulize. Halafu njoo useme, liwalo na liwe.

Hyasinta


Bunda,
13 Mei 1984

Mdogo wangu Hyasinta,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia habari ya kitambaa. Sisi wazima, ila mtoto wa pili alianguka kwenye baiskeli akapasuka kidevu, sasa anaendelea vizuri.

Nilikwenda Butiama Jumamosi iliyopita kama ulivyotaka. Nilipata lifti ya gari la mbegu hadi njia panda, nikatembea. Burito nilimkuta. Ana afya njema. Amejenga nyumba ya vyumba viwili, ya tofali za kuchoma, bati bado. Anafuga mbuzi, wazuri sana, kuna beberu mmoja mweusi ambaye mzungu wa misheni alitaka kumnunua akakataa. Mkewe alitupikia ugali wa muhogo na mboga ya majani. Kuhusu ufugaji wa mbuzi alinieleza mengi ya maana: kwamba wasilale penye unyevu, na kwamba chumvi ni muhimu. Nilikaa hadi jioni. Alinisindikiza mbali sana, karibu nusu ya njia, na tulipoagana alinishika mkono muda mrefu.

Mengine tutaongea tukionana. Kazi kidogo imeongezeka, sijui lini nitapata ruhusa.

Msalimie mama. Mwambie namkumbuka.

Kaka yako,
Kasmiri


Suguti,
20 Mei 1984

Kaka,

Shikamoo. Mtoto pole na kidevu. Huku mtama umetia maziwa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyosoma sala. Kurasa mbili za mbuzi! Mama alikuwa amekaa pembeni akisikiliza, akauliza, "Burito anasemaje juu ya mwenzake?" Nikamwambia kaka hakuandika. Akasema, "Basi hawajaonana siku nyingi." Akaendelea kuchambua mboga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kaka, na mimi mshindo nimeusikia. Niliingia shambani nikalia huko peke yangu, kwa sababu nyumbani siwezi. Masatu nilimbeba mgongoni mimi. Hukumbuki? Wewe ulikuwa shule.

Nimeshajua, basi. Lakini kujua kwangu hakumtoi mama ndani. Nikisema mimi, ni mwanamke wa nyumbani amesema, ni upepo. Ni wewe.

Kwelea sasa wanashuka shambani tangu alfajiri. Tunakimbia na watoto kutoka pembe hii hadi ile, sauti zimetukauka, na mistari miwili ya upande wa bonde imebaki mabua matupu. Kwa Bernado nusu ya shamba imekwenda. Jana alikuja na bwana shamba. Eropleni itakuja Jumanne tarehe 5 Juni jioni. Mafuta yake yamepatikana kwa shida, wakiyarudisha hawapati tena mwaka huu, kwa hiyo wamesema hawatamsubiri mtu. Watapita, aliyemo amemo. Bernado alipiga magoti mbele ya mama. Mtu mzima yule, mjumbe, alipiga magoti. Mama akamwambia, "Inuka, mwanangu, mwage dawa yenu, mimi nitafungaga dirisha." Dirisha lenyewe ni la mabua!

Wenyewe wanasema ng'ombe akinywa maji yaliyomwagiwa dawa hiyo anakufa. Yeye ni kikongwe anayekohoa.

Njoo kabla ya tarehe tano. Sikuombi kitu kingine mwaka huu.

Hyasinta


Bunda,
1 Juni 1984

Hyasinta mdogo wangu,

Barua imefika. Nilikuwa nije jana. Basi halikuondoka, na tangu jana nina homa, siwezi kusimama. Mwambie wewe. Mwambie kwa hekima, wewe una maneno kuliko mimi. Mungu ataona nia.

Kasmiri


Suguti,
8 Juni 1984

Kaka Kasmiri,

Shikamoo. Homa pole. Watoto wangu wazima, wako kwa Mbuke, amewapokea. Mama mzima, yuko Musoma kwa shangazi Petronila. Soma taratibu sasa, maana nimefanya jambo na wewe umo ndani yake.

Barua yako ililetwa na Silasi, yule muuza samaki wa baiskeli, Jumapili jioni. Tulibakiwa na siku mbili. Mama alisikia karatasi ikifunguliwa, akasema, "Soma." Nikaisoma kwa macho, nikaona umenitupia mimi. Nilikasirika, kaka, nilikasirika sana. Na hasira hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikasoma kwa sauti: "Mama mpendwa, Masatu amerudi. Amefikia kwa shangazi Petronila Musoma. Mguu una kidonda, hawezi kutembea hadi Suguti. Njoo umwone. Mimi mwanao Kasmiri."

Nilidhani atauliza maswali, nikajiandaa. Hakuuliza. Alisimama bila fimbo. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa kile kitenge cha harusi yangu ambacho huwa hataki kigusweguswe. Akamkamata kwa kupapasa yule kuku mweupe, akamfunga miguu, akasema huyu ni wa Masatu na mtu asimpunguze hata bawa. Kesho yake kwenye lori la dagaa alikaa mbele na dereva. Njia nzima alimsimulia habari za Masatu, kwamba alikuwaga mtoto wa kupenda ukoko wa ugali, na dereva anaitikia, na mimi nyuma juu ya magunia nalia.

Shangazi nilimwambia ukweli mlangoni, kwa kunong'ona. Alinipiga kofi. Kisha akaingia ndani akamwambia mama kwamba kidonda kimepata nafuu na Masatu amekwenda Bunda kukuchukua wewe, mtakuja pamoja. Mama alilala pale usiku huo, Jumatatu. Alilala, kaka. Nje ya nyumba yake, mara ya kwanza tangu sabini na tisa.

Nilirudi Jumanne kutoa mbuzi na vyombo. Jioni walikuja kwelea, kama desturi, wakajaza migunga. Halafu ikaja eropleni, chini sana, mara tatu. Tulikuwa kilimani tumefunga pua kwa kanga. Asubuhi usingeona ardhi uani, ni ndege tupu, wengine bado wanapiga bawa. Na mlango wa mama umeloa dawa, na kitanda chake, maana dirisha halikuzuia kitu. Nilipokishika kile kitanda nilijua sikukosea. Watu walikuja na vikapu. Njaa haina macho. Bernado alisimama na panga akasema atakayeokota wa kula atapambana naye kwanza. Tumechimba shimo, tumezika hadi jana. Mtama uliobaki utatufikisha Januari.

Sasa mama yuko kibarazani Musoma, anasubiri wanawe wawili. Shangazi anasema hali chakula cha mchana, anangoja kuku achinjwe mkifika. Nimekusingizia barua ambayo hukuandika. Akikuuliza, mwambie ni uongo wangu, nimetunga mimi, nitaubeba. Lakini hili la Masatu siwezi kukubebea tena. Nenda Musoma. Kama una homa, nenda na homa.

Hyasinta


Musoma,
17 Juni 1984

Hyasinta,

Nakuandikia kutoka kwa shangazi. Mama anakula kidogo, analala. Kuku mweupe yuko hai, mama ameamuru apewe Mbuke kwa kuwatunza watoto wako.

Sikuwa na homa. Nilifika stendi tarehe 31, nikakaa kwenye basi, na lilipowashwa nikashuka. Hilo lijue.

Nilifika hapa Jumatano mchana. Alikuwa kibarazani na kile kitenge. Kabla sijapiga hodi alisema, "Nasikia miguu ya mtu mmoja." Nilisimama pale njiani, majirani wanapita, mama mmoja anauza samaki furu wa kukaanga kando. Nilimwambia, "Mama, Masatu harudi." Nilisema kwa sauti hadi yule muuza samaki akageuka. Nikamweleza yote niliyoelezwa na Burito, kwamba alimzika kwa mikono yake njiani baada ya Masaka, mwaka ule ule wa sabini na tisa, kwamba hakuteseka, na kwamba Burito amekuwa akiogopa kuja Suguti kwa sababu yeye amerudi.

Hakulia. Aliuliza, "Hapa nimelala tangu siku gani?" Shangazi akamwambia Jumatatu ya wiki iliyopita. Akasema, "Basi ndiyo siku aliyokufa. Sabini na tisa mimi siijui. Nilikuwaga nimemshikilia miaka yote, nikamwachia Jumatatu. Amekuja, amekuta mlango umefungwa."

Nikasema, mama, Burito alimzika. Akasema Burito alizika mtu mwingine. Nikamweleza habari ya dawa, kitanda kilivyoloa, kwamba angekuwemo angekufa. Akasema, "Ningekufa mimi. Mimi si nimeshakula chumvi nyingi?"

Kisha akageuza uso kunitafuta ninaposimama. "Ungekuja uani ukasema, angekufa kifo chake, tungemlilia. Nani alitunga ile barua? Ni Hyasinta au ni wewe?"

Shangazi alinitazama. Anajua. Ulishaniandikia niseme ni wewe, na barua yako ilikuwa mfukoni. Nilimwona mama kibarazani pale, kikongwe, kipofu, ambaye kesho au keshokutwa atahitaji mtu wa kumshika mkono kwenda chooni, na mtu huyo hatakuwa mimi wa Bunda.

Nikasema, "Ni mimi, mama. Niliandika mimi. Hyasinta alisoma tu kilichoandikwa."

Halafu akasema, taratibu, kama anayemwagiza mtu sokoni: "Siku yangu ikifika, Kasmiri, udongo wa kwanza usiutupe wewe. Atupe Hyasinta." Shangazi akapiga ukelele, akamwomba afute maneno hayo. Hakuyafuta. Nimempigia magoti, nimeitikia.

Anataka kurudi Suguti ua ukisafishwa, tuweke matanga, anyolewe pale pale mlangoni. Nitamleta mimi, nitasimama uani nitasema tena mbele ya watu wote, halafu nitaondoka kabla ya kula, kwa sababu hataki kula nami. Usilie mbele yake ukadhani unanihurumia, masikio yake unayajua.

Na usimwambie. Najua ulivyo, utataka kusema ukweli ili uninusuru. Ukisema, atabaki na mtoto mmoja aliyekufa na wawili asioweza kulala nao nyumba moja. Choma barua uliyoniandikia tarehe nane, kama umeweka nakala. Niliyoipokea mimi nimeshaichoma jikoni kwa shangazi.

Barua ya kwamba Masatu amerudi niliiandika mimi.

Kaka yako,
Kasmiri